Mota ni Kazi ya Saa Moja, Waya ni Kazi ya Wiki Mbili

Pipa lilikuwa la bluu, la lita 200, lile lile tunalokingia maji ya mvua nyumbani kwetu Majengo, Pumwani. Jumamosi hiyo tulilijaza hadi karibu na ukingo, tukalisogeza nyuma ya mashua iliyokuwa uani juu ya trela, mota ya umeme ikazamishwa humo kama mwiko sufuriani. Watoto wa mtaa walikuwa wamejipanga juu ya ukuta. Nikazungusha mpini: namba moja, mbili, tatu. Maji yakaanza kuzunguka. Hapakuwa na kelele, ila mvumo mdogo kama wa cherehani ya jirani. Nilipofika namba tano maji yakamwagika, watoto wakashangilia. Ami yangu hakushangilia. Alikuwa ameinama kando ya mashua, kiganja chake kimelala juu ya waya mwekundu.

"Mwanangu, huu waya una homa," akasema.

Nilizima, nikaja kugusa. Kweli ulikuwa na joto, kama glasi ya chai ambayo unaweza kuishika lakini vidole vinatafuta pa kuiweka. Na mota ilikuwa haijafanya kazi hata dakika sita.

Kila anayeiona mashua yetu sasa huuliza habari za mota. Imetoka wapi, ina nguvu gani, inakwenda kasi gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za waya. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa sababu mota ilifungwa kwa saa moja pamoja na mapumziko ya chai, na waya ukanichukua wiki mbili.

Nianze na Ami. Amevua samaki upande wa Pate, kule Lamu, tangu akiwa mtoto, kwanza kwa tanga, baadaye kwa mashine. Alipoacha bahari akaja kukaa nasi hapa Nairobi, na mtu aliyezoea maji huwezi kumkalisha barazani mwaka mzima akihesabu matatu zinazopita. Tulinunua mashua ya faiba ya futi 14, iliyotumika, na mara moja au mbili kwa mwezi tukawa tunaivuta kwenda Naivasha, kama kilomita 90 kutoka hapa.

Watu hucheka wakisikia mashua Nairobi, lakini mji huu ulikuwa na maji yake ya mashua. Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka 1953, na wazee wa hapa Majengo wanakumbuka kuona matanga juu yake. Leo gugumaji na taka vimelifunika. Kila nikipita pale moyo unaniuma, maana tungekuwa na ziwa letu la dakika ishirini badala ya safari ya asubuhi nzima.

Mashua ilikuja na mashine ya petroli iliyowahi kufanya kazi Mombasa, na haikupata kutulia. Inakohoa, inatoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi. Sababu yake inajulikana: kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani inamwaga petroli nyingi kupita kiasi ukiipandisha huku juu, ambako hewa ni nyepesi. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mafundi wa mashine za boti hukadiria kwamba injini hupoteza asilimia 3 hivi ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pale ziwani mashine yetu ilikuwa imeshapoteza karibu humusi ya nguvu zake kabla hatujapakia nyavu. Ungeweza kubadilisha jeti za kabureta, na ungepunguza moshi, lakini hewa yenyewe huwezi kuiongeza. Mota ya umeme haivuti pumzi. Nguvu iliyo nayo Lamu ndiyo iliyo nayo Naivasha. Ukiongeza kifua cha Ami, ambacho moshi ule ulikuwa unakisumbua hadi usiku, uamuzi haukuwa mgumu.

Mota hizi ndogo zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1934, huko Fargo, Dakota Kaskazini, na jina la kampuni ya Minn Kota likatokana na majimbo mawili jirani, Minnesota na Dakota. Kusudi lake halikuwa mbio. Ilikuwa ni kukokota mshipi polepole nyuma ya mashua, chambo kikicheza majini kama samaki aliye hai. Ami aliponisikia nikieleza hilo aliniangalia kwa mshangao, kwa sababu mshipi wa kukokota ni kazi aliyoifanya miaka yote, akitumia upepo tu.

Nguvu ya msukumo wake bado inapimwa kwa ratili. Kanuni wanayoitumia watu ni ratili 2 kwa kila ratili 100 za uzito wa mashua pamoja na vyote vilivyomo. Yetu ikiwa na watu wawili, betri, nanga na vyombo vya kuvulia ni kama kilo 320, yaani ratili 700 na ushei. Hesabu hiyo inakupa ratili 14. Mimi nilichukua ya ratili 55, kama kilo 25 za msukumo, kwa sababu kanuni ile haijui upepo wa Naivasha wa alasiri. Asubuhi ziwa ni kioo. Saa nane mchana ni jambo jingine, na anayepimia mashua yake utulivu wa asubuhi atarudi ufukoni kwa kupiga kasia.

Kufunga mota kwenyewe ni vibano viwili vya kukaza kwa mkono kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya mashua. Hapo ndipo tulipopata kazi ya kwanza ambayo hatukuitarajia. Ami aliugonga ubao ule kwa kifundo cha kidole, mahali baada ya mahali, kama mtu anayechagua tikiti maji. Upande wa kushoto ulijibu kwa sauti kavu, upande wa kulia ulijibu kwa sauti nzito na butu. Tukatoboa tundu dogo kwa keekee na unga uliotoka ulikuwa mweusi na majimaji. Ndani ya faiba kulikuwa na plaiwudi iliyooza, kwa sababu mwenye mashua wa zamani alitoboa matundu ya bolti akayaacha bila kuyaziba. Tuliikata sehemu yote mbovu, tukaingiza mbao mpya kutoka Gikomba, tukafunika kwa faiba na epoksi. Tangu hapo kila tundu tunalotoboa kwenye mashua hii tunalitoboa pana kuliko bolti, tunalijaza epoksi, inakauka, kisha tunatoboa tundu halisi katikati ya epoksi. Maji yakipenya yatakutana na epoksi, hayataiona mbao.

Urefu wa mti wa mota, ile nguzo inayoshuka majini, nao upime kabla ya kununua. Pima kutoka juu ya ubao wa tezi hadi usawa wa maji mashua ikiwa imebeba watu, halafu ongeza ili propela, ambayo Ami anaiita rafadha kama walivyoiita mabaharia wa zamani, ikae angalau sentimita 30 chini ya maji. Ikikaa juu juu itavuta hewa, itazunguka kwa nguvu zote, na mashua isiende popote. Na funga kamba kutoka kwenye mota hadi kwenye pete ya mashua. Vibano hulegea kwa mtetemo. Ami alifunga kamba hiyo kabla hata sijamaliza kukaza.

Halafu likaja suala la betri ikae wapi. Mimi niliiweka nyuma, karibu na mota, ili waya uwe mfupi. Kiumeme hapo ndipo pazuri. Lakini mota iko nyuma, mimi mwendeshaji niko nyuma, na betri ikiwa nyuma pia, mashua inainua omo, yaani pua yake, kama punda aliyekataa kwenda, na upepo ukiishika omo iliyoinuka unaizungusha utakavyo. Ami akasema betri iende mbele, chini ya ubao wa kukalia wa kwanza. Nikataka kuiweka sakafuni kabisa. Akakataa tena.

"Umesahau? Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote, watu wakiwaambia vijana wanaotangatanga kwamba watarudi nyumbani tu. Sikuwa nimewahi kuisikia ikisemwa na mtu anayeonyesha ngama kwa kidole. Maji yoyote yanayoingia mashuani, yawe ya mvua, ya wimbi au ya nyavu, yatatembea mbele na nyuma na mwisho yatakaa pale chini katikati. Kwa hiyo sanduku la betri likainuliwa sentimita kumi juu ya sakafu, juu ya vipande viwili vya mbao, likafungwa mkanda.

Betri yenyewe ni ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfeti ambayo siku hizi imejaa kwenye maduka ya sola mjini, volti 12, ampea-saa 100, yaani akiba ya ampea 100 kwa saa moja. Ya asidi ya ukubwa huo ina uzito wa kama kilo 30. Hii ina kilo 12. Ya asidi ukitaka iishi usiishushe chini ya nusu. Hii unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Betri ya gari usiifikirie kabisa. Hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiishusha kila wiki hadi chini itakufa ndani ya miezi. Jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia usipouliza: betri za lithiamu zina bodi ndani inayozilinda, na bodi hiyo ina kikomo cha ampea. Mota ya ratili 55 inaweza kunywa ampea 50 ikiwa kwenye kasi ya mwisho. Ukinunua betri ambayo bodi yake inaishia ampea 50, itajizima yenyewe siku ile ile unayoihitaji kupambana na upepo. Yangu inaruhusu 100.

Sasa waya. Kwa kuwa betri imekwenda mbele, waya unatembea mita 4 kwenda na mita 4 kurudi. Mita 8 zinaonekana kidogo. Nyumbani waya wa mita 8 unawasha taa bila shida, lakini stima ya nyumbani ni volti 240. Kwenye volti 12, ili upate nguvu ile ile unahitaji ampea mara ishirini, na kinachopasha waya joto ni ampea. Nilijua hilo, ndiyo maana nilikwenda duka moja la vifaa mjini nikaomba waya wa milimita 16 za mraba, na waya niliouziwa uliandikwa hivyo ubavuni, kwa herufi nzuri nyeupe.

Ami aliposema una homa, nilichukua mita ya kupimia volti. Tukaendesha mota tena kwenye pipa, namba tano. Kwenye betri nilisoma volti 13.0. Kwenye ncha za mota nilisoma 11.9. Volti 1.1 zilikuwa zimepotelea njiani, na kwa ampea 45 zilizokuwa zikipita hiyo ni kama wati 50. Ni joto la balbu ya zamani ya kumulikia chumba, limetandazwa ndani ya mpira wa waya, pembeni mwa faiba inayoshika moto. Shaba halisi ya milimita 16 ingepoteza chini ya nusu ya hapo.

Nikakata kipande cha sentimita tano, nikakaa kwenye ngazi mwangani, nikachomoa uzi mmoja wa waya. Ulikuwa mwekundu mzuri, rangi ya shaba mpya. Nikaulaza juu ya ukucha wa kidole gumba, nikaukwangua kwa wembe, taratibu, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu wekundu uliondoka kama ganda la kitunguu na chini yake kukaonekana weupe. Aluminiamu. Shaba ilikuwa ni ngozi tu iliyopakwa juu. Nikajaribu kuukunja uzi ule mbele na nyuma. Shaba ingevumilia, huu ulikatika mara ya nne. Na nilipozihesabu nyuzi na kupima unene wa mmoja, hata hiyo milimita 16 haikuwepo. Ilikuwa pungufu sana.

Nilirudi dukani na kipande changu. Niliambiwa kwamba huo ndio waya ambao kila mtu anachukua. Najua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu mimi nilikuwa na pipa la maji, mita, na mzee mwenye kiganja kilichozoea kusikiliza vitu. Mwenzangu aliyeuchukua waya ule ule akauzika ukutani kwenye nyumba ya kupangisha atajua habari zake usiku, watoto wakiwa wamelala. Nawaomba wasomaji: kabla hujalipa, omba kipande, kikwangue hapo hapo kaunta. Wembe ni shilingi chache.

Tulichotumia mwishowe ni kebo ya mashine ya kuchomelea, milimita 25 za mraba, shaba tupu yenye nyuzi nyembamba nyingi. Inapinda vizuri na inavumilia mtetemo. Kwa maji baridi kama ya Naivasha inatosha. Baharini ningetafuta ile iliyopakwa bati, kwa kuwa chumvi hupanda ndani ya shaba na kuigeuza unga wa kijani. Vichwa vya waya tulivipeleka kwa fundi wa Kamukunji mwenye mashine ya kubana ya haidroliki. Kabla ya hapo nilikuwa nimevigonga kwa nyundo mwenyewe, na kichwa kilichogongwa kwa nyundo huonekana kimeshika huku ndani kimeacha nafasi, na kila nafasi ni joto. Yule kijana alivibana viwili vya kwanza, akanipa nivute kwa nguvu zangu zote. Havikutoka. Juu yake tukavika mpira wa kusinyaa, ule wenye gundi ndani.

Kikatio cha ampea 60, kinga inayokata umeme ukizidi, kiko kwenye waya mwekundu, sentimita 15 kutoka kwenye betri. Kanuni za mashua za Marekani kwa kawaida zinataka kiwe ndani ya inchi 7, ambazo ni kama sentimita 18, na sababu yake ni nyepesi kuielewa: kinga inalinda waya uliopo baada yake tu. Kile kipande kati ya betri na kinga hakina mlinzi, na ncha mbili za betri hii zikigusana inaweza kutoa mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua. Nimeona mashua mbili ufukoni zenye fyuzi iliyofungwa kule nyuma karibu na mota, mahali ambapo ni rahisi kuifikia. Hizo fyuzi hazilindi chochote isipokuwa mota.

Pipa likajazwa tena Jumamosi ya tatu. Betri 13.0, mota 12.7. Ami akaweka kiganja chake kwenye waya, akakiacha hapo kama dakika kumi nzima, akaongea na jirani, akakiondoa bila kusema neno.

Tuliondoka Jumapili saa kumi usiku. Usiku ule wa kuamkia safari stima ilipotea mtaani, lakini betri ilikuwa imeshajaa. Tulishuka kwa njia ya Mai Mahiu trela ikituvuta mgongoni, tukafika Kamere, upande wa kusini wa ziwa, kunapambazuka. Kutoka pale unaona mvuke mweupe ukipanda nyuma ya vilima, kule Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa stima ya jotoardhi ulianza kazi mwaka 1981. Sehemu kubwa ya stima ya nchi hii sasa inatoka ardhini pale. Nilimwambia Ami kwamba huenda umeme uliomo kwenye betri yetu ulitoka nyuma ya kilima kile, ukaenda Nairobi kwa nyaya, na sisi tumeurudisha kwa trela. Alitazama mvuke ule muda mrefu kabla ya kupanda mashuani.

Ukimya ule wa kwanza sitausahau. Maji yalikuwa yanapasuka kwenye omo na ulikuwa unayasikia. Tulikwenda polepole kati ya migunga iliyokufa, ile ambayo ziwa liliimeza lilipopanda kuanzia mwaka 2020 hivi, na visiki vingine viko inchi chache tu chini ya maji. Kwa mwendo wa namba mbili unakiona kisiki, unageuza mpini, unapita.

Lakini ukimya una hatari yake, na wavuvi wa pale ndio walionifundisha. Kiboko husikia mashine ya petroli kutoka mbali na huwa na muda wa kuamua la kufanya. Mota yetu haimpi habari. Unaweza kumfikia akiwa chini, ukamshtua, na kiboko aliyeshtuka haulizi. Kwa hiyo tumeweka desturi: tunakaa mbali na matete, tunakata mota kila baada ya dakika chache na kusikiliza, na tunapopita mahali pembamba Ami anagonga ubavu wa mashua kwa kasia, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi. Asubuhi ile tulipokata mota mara ya pili tulisikia pumzi nzito ikitoka majini upande wa kulia, mbele yetu. Kwa mashine ya zamani tusingeisikia kamwe. Tukageuka, tukazunguka mbali.

Kuhusu umbali, hesabu zangu ni hizi. Kwenye mwendo wa kukokotea mshipi mota inakunywa ampea 12 tu, na kwa betri hii nina zaidi ya saa sita. Kwenye kasi ya mwisho inakunywa 48, nami nina saa moja na dakika arobaini. Mwendo wenyewe hauongezeki sana, kwani mashua ikitaka kwenda kasi mara mbili inadai nguvu karibu mara nane. Kwa hiyo tunakwenda polepole, tunaanza safari kwa kwenda upande ambao upepo wa mchana utatusaidia kurudi, na saa sita tuko ufukoni. Makasia mawili yamo mashuani daima, na maboya ya kuvaa tunayavaa tangu nchi kavu.

Tulirudi na tilapia saba na kambare mmoja. Nilipokuwa nikifunga trela, Ami alifungua nati ya propela, akaivuta propela nje, akaiweka pini ya kuizuia kwenye kiganja ili isipotee mchangani. Nyuma yake, ukiwa umejikunja kwenye ekseli karibu na sili ya mpira, kulikuwa na uzi wa nailoni, pengine wa nyavu za mtu. Uzi kama huo ukiachwa hukata sili kidogo kidogo, maji yanaingia ndani ya mota, na mota imekwisha. Aliukata kwa kisu, akauvuta. Ulikuwa na urefu wa mkono wake. Akaukagua mwangani, akauviringisha kwenye vidole viwili, akautia mfukoni mwa shati.